Tusiwafundishe vijana kumeza hitilafu za programu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie chanzo kimojawapo cha kero inayowafika wazazi wengi: mwanafunzi kurudishwa nyumbani kwa deni la ada iliyokwisha kulipwa, na stakabadhi anayo mkononi.

Mwaka jana niliitwa kuchunguza kisa cha namna hiyo katika shule moja ambayo mfumo wake wa malipo umeandikwa kwa lugha ya Java. Katika lugha hiyo, jambo likienda kombo programu hurusha eksepsheni, yaani taarifa ya hitilafu, ambayo ni objekti kamili (kifurushi cha data ndani ya programu) yenye aina yake, ujumbe wake na orodha ya hatua zilizopitiwa hadi hitilafu ikatokea. Kazi ya mwandishi ni kuidaka mahali ambapo hatua inaweza kuchukuliwa. Nilipofungua faili linaloingiza malipo katika daftari la ada, nilikuta eksepsheni ya hifadhidata imedakwa vizuri kabisa, ila ndani ya mabano yanayopaswa kubeba hatua za kuchukua hamkuwa na kitu isipokuwa maneno "nitarekebisha baadaye". Hifadhidata ilipokataa, programu ilinyamaza, ikaendelea kuchapa stakabadhi.

Cha kusikitisha ni kwamba Java yenyewe ilikusudia kuzuia uzembe huu. Eksepsheni za mafaili, mtandao au hifadhidata usipozidaka, wala kutangaza kwamba unaziachia sehemu iliyokuita, kompaila, yaani programu inayoutafsiri msimbo ili kompyuta iweze kuutekeleza, huikataa kazi yako. Hapo ndipo wengi huweka kidakio kitupu, yaani sehemu ya kudaka isiyofanya lolote, mradi kelele ziishe. Wapo wanaolilaumu sharti lenyewe, na waliounda lugha ya C# waliliacha. Mimi namlaumu zaidi mkufunzi anayetoa maksi kwa sababu tu programu "imekubali".

Sisemi kwamba kuiacha eksepsheni ipite ndiyo dawa. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 iliyorushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ilipotea kabla ya dakika moja kutimia, baada ya namba ya biti 64 kugeuzwa kuwa ya biti 16 isiyoweza kuibeba. Programu hiyo, iliyoandikwa kwa lugha ya Ada, haikuwa na kidakio mahali hapo, na kompyuta za mwelekeo zikajizima.

Kidakio kinachofaa hutaja aina mahususi ya hitilafu badala ya kuzoa zote kwa mkupuo, hughairi muamala mzima, huandika sababu ya asili katika kumbukumbu za mfumo, kisha humwambia mhasibu kwa Kiswahili kwamba malipo hayajaingia. Katika shule ile marekebisho yalikuwa mistari sita. Kuyatafuta malipo yaliyopotea kulituchukua siku tisa, mimi na mhasibu, tukilinganisha nakala za stakabadhi na taarifa za benki, moja baada ya nyingine.

Wako,
Mwandishi wa programu,
Morogoro