Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: mzoga huonwa kwanza na mvuvi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo, Mifugo na Uvuvi,
Entebbe.

Mheshimiwa, salamu na heshima.

Mimi ni mvuvi katika mwalo mmoja, yaani kituo cha mitumbwi, wa Wakiso, Uganda, kando ya Ziwa Victoria, na nyuma ya nyumba nina bata kumi na wanne. Hao bata ndio walionishikisha kalamu, maana nawahofia mafua ya ndege. Wageni wetu wa kila mwaka wameanza kuingia, wale buabua weupe wadogo wanaokimbia baridi ya Ulaya ya Mashariki na Urusi. Mchana wanadaka wadudu wa ziwa, wale wanaopanda juu ya maji kama moshi, na jioni wanakwenda kulala kwenye ghuba ya Lutembe. Machi au Aprili watarudi kwao. Ghuba ile si kubwa, tena mafunjo yameizingira karibu yote, lakini wamewahi kuhesabiwa humo zaidi ya milioni moja. Tangu 2006 imo katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yanayotambuliwa na dunia nzima.

Januari 2017 tuliwaona buabua hao wakielea, wamekufa. Wavuvi ndio waliopeleka habari, sampuli zikachukuliwa, na tarehe 15 mwezi huo serikali ikatangaza kwamba ni mafua ya ndege, aina iliyokuja kujulikana kuwa H5N8. Haukupita muda yakapatikana Masaka pia, na safari hii kwa bata na kuku wa kufugwa. Kenya ikafunga mpaka kwa kuku na mayai yetu. Mtu aliyekuwa na trei zake za mayai njiani kuelekea mpakani Busia hakuwa amewahi kuiona Lutembe hata kwa macho, ila hasara ilimfikia.

Hakuna mtu aliyeugua hapa kwetu mwaka ule, tunashukuru. Lakini Urusi, Desemba 2020, wafanyakazi saba wa shamba la kuku walikutwa na virusi hivyo hivyo vya H5N8. Na ndugu yake, H5N1, mwaka 2024 aliingia mpaka kwa ng'ombe wa maziwa wa Marekani. Ng'ombe, Mheshimiwa! Ugonjwa huu hauchagui ua wa kuruka.

Jinsi unavyotembea hata mtoto wa mwalo anaweza kueleza. Virusi hukaa kwenye kinyesi na mate ya ndege. Ndege wa porini ananyea majini, bata wangu wanashuka kunywa maji hayo hayo, jioni wanarudi bandani walikolala kuku. Ubaya wa bata ni kwamba anaweza kuubeba ugonjwa akabaki mzima, anakutazama tu, huku kuku wanakwisha. Ndiyo maana mzoga wa kwanza majini una thamani kuliko mizoga mia ya baadaye: ukipimwa mapema, sisi wafugaji tunapata siku kadhaa za kufungia mifugo yetu ndani.

Upimaji wenyewe haunipi wasiwasi. Entebbe hapo ipo Taasisi ya Utafiti wa Virusi, iliyoanza mwaka 1936. Virusi vya West Nile viligunduliwa mwaka 1937 kutoka kwa mwanamke wa kule kaskazini magharibi, na Zika mwaka 1947 kutoka kwa kima aliyewekwa kwenye msitu wa Ziika, kando ya barabara hii hii ya Entebbe. Nchi iliyoipa dunia majina ya virusi haiwezi kushindwa kupima buabua mmoja. Safari iliyo ngumu ni ile ya kutoka kwenye mtumbwi hadi mlangoni mwa maabara.

Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta. Msimu uliopita niliona ndege saba wamekufa karibu na mafunjo, na wawili wakizungushazungusha shingo kama walevi. Nikapiga namba iliyokuwa kwenye bango la zamani, haipatikani. Nikapanda bodaboda mpaka ofisi moja, sitaitaja. Kijana wa mapokezi akaniambia niandike ripoti, kwa Kiingereza, kisha nisubiri. Nilirudi nyumbani. Ndege waliliwa na mbwa, na hadi leo sijui walikufa na nini. Huenda ilikuwa sumu ya shamba, huenda ilikuwa kitu kingine.

Katiba yetu iliitambua lugha hii kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na kwenye mialo ndiyo inayotuunganisha: Mganda, Mjaluo, Mkongomani na Mnubi wote wanavuta wavu mmoja. Kwa hiyo naomba namba moja ya bure, ipokewe na mtu anayejua Kiswahili na Luganda, na mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, wa kila mwalo awe nayo. Naomba pia glavu na mifuko kwa mtu mmoja tu kwa kila mwalo, ili vijana waache kuokota ndege waliolegea kwa mikono mitupu na kuwapeleka jikoni. Wanafanya hivyo, mimi nimewaona.

Jambo la pili ni gumu zaidi, nalo ni pesa. Mfugaji anajua kwamba akisema kuku wake wanakufa, watakuja watu kuwaua wote. Akinyamaza, atauza wale wazima sokoni kabla hawajaanza kulegea. Usimlaumu kabla hujamwambia atalipwa kiasi gani na lini. Fidia hiyo itangazwe sasa, wakati ndege wote wako wazima.

Na kuna watu wanaosema dawa ni kuwapiga risasi buabua au kukausha ghuba. Tafadhali usiwasikilize. Ndege waliotishwa hutawanyika, na ugonjwa hutawanyika nao. Ukiwanyang'anya mafunjo watatua kwenye mashimo ya matofali na mabwawa ya samaki, yaani mlangoni kwa bata wangu.

Namba hiyo ikipatikana, nitaiandika mwenyewe ubavuni mwa mtumbwi, kwa herufi kubwa. Rangi nyeupe ninayo, ilibaki Krismasi.

Wako,
Mvuvi na mfuga bata, Wakiso