Barua kwa Sahibu Yangu Aliyeko Tanga

Mji wa Kale, Mombasa
Februari 8, 2026

Kwa sahibu yangu mpenzi,

Assalaamu alaykum. Ama baada ya salamu, barua yako imenifikia salama kwa mkono wa yule kijana wa basi, nami nimeisoma mara tatu. Nimeshukuru kusikia kwamba goti lako limepata nafuu na kwamba wajukuu wote ni wazima. Sisi hatujambo, ila joto la kaskazi limetushika, na barazani hakukaliki mpaka baada ya alasiri.

Umeniuliza mambo mawili: kwa nini Wakenya hatuchoki kubadilisha mfumo wa elimu, na kama ni kweli kwamba mtoto wetu amemtangulia wa kwenu kwa sababu anafundishwa kwa Kiingereza tangu angali mdogo. La kwanza naweza kukujibu bila kutoka nyumbani mwangu, kwa sababu humu ndani mnaishi mifumo mitatu. Mimi nilisoma ule wa 7-4-2-3 uliofuata mtindo wa Waingereza, yaani miaka saba ya msingi, minne ya sekondari, miwili ya sekondari ya juu na mitatu ya chuo kikuu, nikafanya CPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 1974. Binti yangu ni mtoto wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985. Mjukuu wangu yumo katika kundi la kwanza kabisa la mtaala wa umilisi, ule wa 2-6-3-3-3. Mwaka jana alimaliza gredi ya tisa, na mwezi uliopita ameingia gredi ya kumi katika sekondari pevu. Kila tukila chakula cha usiku, watu watatu huzungumza habari za shule na kila mmoja ana yake.

Mabadiliko hayo hayakufanywa kwa kupenda kubadilisha tu, na ningependa uwaeleze hivyo jamaa wa huko wanaotucheka. Wakati wa mkoloni shule zilitengwa kwa rangi, Wazungu na zao, Wahindi na zao, Waarabu na zao, Waafrika na zao, na katika kisiwa kidogo kama hiki wazee wetu waliona watoto waliocheza mtaa mmoja wakiachana njia kila asubuhi. Tume iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde mwaka 1964 ilikuwa na kazi ya kuzifanya shule hizo ziwe za taifa moja. Mfumo wa 8-4-4 nao, uliotokana na ripoti ya kamati ya Mackay ya mwaka 1981, ulitaka anayemaliza shule awe na kazi mkononi mwake, asingoje tu kuajiriwa ofisini. Wazo hilo nililipenda na bado nalipenda. Lakini mafunzo ya mikono yalipokuja hayakuja na vifaa. Wazazi waliambiwa wajenge karakana, na waliokuwa hawana walichanga mpaka wakachoka. Mimi nilifundisha useremala kwa msumeno mmoja, na randa niliichora ubaoni kwa chaki kwa kuwa ya kushikwa haikuwapo. Leo naona sekondari msingi, za gredi ya saba hadi ya tisa, zimewekwa ndani ya shule za msingi, nyingine hazina maabara, walimu wake wengi wameanza kazi kwa mkataba wa muda, na naikumbuka ile randa ya chaki.

Hata hivyo, sahibu yangu, usidhani kwamba nayadharau yaliyofanyika. Mwaka 1963 nchi nzima ilikuwa na wanafunzi karibu 891,000 katika shule za msingi na kama 30,000 tu katika shule za upili. Wananchi walijenga shule za harambee kwa mabati na mawe yao wenyewe, na wengi wa walionifuata katika kazi ya ualimu walitoka katika shule hizo. Na siwezi kuusahau mwezi wa Januari 2003, serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipofuta karo ya shule za msingi. Tangu miaka ya themanini wazazi walikuwa wakibebeshwa gharama chini ya sera ya kuchangia, na watoto walikuwa wakitoweka darasani kidogo kidogo, mmoja amepelekwa kazi za nyumbani, mwingine anauza kashata kivukoni. Asubuhi ile walirudi. Nilifika saa kumi na mbili na nusu nikawakuta wamejaa uwanjani pamoja na mama zao, wengine wana umri wa miaka kumi na mitatu wakitaka kuingizwa darasa la kwanza, na hadi mwisho wa wiki darasa langu lilikuwa limepita watoto mia. Walikaa chini, wakakaa madirishani. Kwa mwaka mmoja tu idadi ya wanafunzi wa shule za msingi nchini ilipanda kutoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Kusahihisha madaftari mia kila usiku kulinitia ugonjwa wa macho ambao sijapona mpaka leo, lakini hata ningeambiwa nichague tena ningechagua asubuhi ile.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, ambalo ndilo lililoninyima usingizi.

Katika shule zetu mtoto hufundishwa kwa lugha ya nyumbani kwao, au ya eneo lao, hadi darasa la tatu. Darasa la nne likifika, masomo yote isipokuwa Kiswahili huwa ni ya Kiingereza. Nimefundisha darasa la nne kwa miaka mingi, na nakueleza nililoliona kwa macho yangu: mwezi wa kwanza darasa hunyamaza. Watoto waliokuwa wakigombania kujibu wakiwa darasa la tatu huinamisha vichwa, si kwa kuwa wamekuwa wajinga katika likizo ya Desemba, bali kwa kuwa wameondolewa kinywa walichokuwa wakisemea.

Palikuwa na msichana mmoja, mama yake akifulia watu nguo. Nilipouliza katika somo la sayansi kwa nini nguo mbichi hukauka, alinitazama tu, nami nikampita nikaenda kwa mwingine aliyelikariri neno la Kiingereza bila kulielewa. Kengele ilipolia alinifuata mlangoni akaniambia kwa Kimvita chake, Kiswahili cha hapa Mombasa, kwamba maji hayapotei, ila huruka yakawa mvuke, na kwamba ukitaka kuyaona uangalie mkungu uliofunikia chungu jikoni, kwani hutoka jasho kwa ndani. Mtoto wa miaka tisa alikuwa amenifundisha uvukizi na mtonesho pamoja, yaani maji kuwa mvuke na mvuke kurudi kuwa maji, kwa dalili aliyoiona mwenyewe, na kitabuni mwangu nilikuwa nimeshamwandikia sifuri. Sifuri ile sikuifuta, kwa sababu mtihani wa taifa haungemuuliza kwa lugha yake. Najuta mpaka leo.

Unaweza kuniambia kwamba Kenya ina lugha zaidi ya arubaini na haiwezi kuchapisha vitabu vya sayansi kwa zote. Huenda ni kweli, lakini kwa mtoto wa Mombasa hoja hiyo haisimami. Lugha ya mama yake ndiyo lugha ya taifa, nayo Katiba ya mwaka 2010 imeifanya pia kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza. Mji huu ulikuwa na watu wanaosoma na kuandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na mshairi wetu Muyaka bin Haji alikuwa ameshafariki, kabla mmishenari Krapf hajatia mguu hapa mwaka 1844. Tena ilikuwa ni hapa hapa Mombasa, mwaka 1928, ambapo mkutano uliitishwa na Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa hiyo mtoto wetu hubeba mzigo mara mbili: akiandika «ndia» badala ya «njia» hutiwa wino mwekundu katika somo la Kiswahili, na akitoka hapo hukuta kwamba Kiswahili chenyewe, kiwe cha Mvita au cha Unguja, hakina nafasi katika hisabati wala sayansi.

Na hilo halikuachwa na mkoloni peke yake. Tume ile ile ya Ominde, iliyofanya mema mengi, ndiyo iliyokubali Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Katika CPE niliyoifanya mimi palikuwa na karatasi ya Kiingereza, ya hisabati na ya maarifa ya jumla. Kiswahili hakikutahiniwa, na kwa hiyo walimu wengi hawakukifundisha kwa moyo. Kilikuja kuwa somo la lazima lenye mtihani wakati wa 8-4-4, na hiyo ni heshima ambayo mfumo huo unastahili kupewa hata na wanaoulaumu. Lakini somo ni kitu kimoja na lugha ya kufundishia masomo ni kitu kingine, na katika mifumo yote mitatu niliyoiona hakuna aliyethubutu kukiruhusu Kiswahili kifundishie masomo mengine kuanzia darasa la nne.

Wazazi siwalaumu. Baba anayefanya kazi ya kuli bandarini ameona kwamba wanaoitwa ofisini ni wanaojua Kiingereza, na anapouza pikipiki yake amlipie mtoto shule ya binafsi anafanya hivyo kwa mapenzi. Kiingereza kifundishwe, tena vizuri, na mwalimu anayekijua. Ninalokataa ni kukifanya mlango wa pekee wa kuingilia katika akili ya mtoto.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, hatujawatangulia. Nyinyi mtoto wenu huanza masomo kwa Kiswahili na ukuta wa Kiingereza hukutana nao kidato cha kwanza. Wetu hukutana nao akiwa na miaka tisa. Tofauti ni miaka mitatu au minne ya kuruhusiwa kuuliza maswali, na mimi miaka hiyo naiona ni mali.

Ndiyo maana nina ombi. Naomba uninunulie vitabu vya sayansi vya darasa la nne, la tano na la sita vinavyotumika huko, pamoja na vya hisabati, umpe kijana wa basi avivushe mpakani Horohoro. Gharama yake nitakurudishia kwa mkono wake. Mjukuu wangu amekubali kunisaidia Jumamosi na Jumapili, baada ya watoto kutoka chuo cha Kurani, na barazani kwangu pana nafasi ya watoto kumi na wawili. Ukipata na chati ya mwili wa mwanadamu yenye majina ya Kiswahili, nitashukuru zaidi, maana hapa nimeitafuta sana sikuipata.

Nisalimie wa nyumbani wote, mkubwa na mdogo.

Wako wa tangu ujana,
Mwalimu mwenzio