Zahanati kukosa daktari si kasoro. Kasoro ni kutoambiwa aliyepo ni nani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyelalamika hivi karibuni kwamba zahanati ya kijijini kwao, huku kwetu Rungwe, imejengwa vizuri na kupakwa rangi lakini haina daktari hata mmoja. Nimestaafu kazi ya utabibu baada ya miaka 31, mingi kati ya hiyo nikiwa mganga mfawidhi, yaani msimamizi, wa zahanati, na kwa muda wote huo niliitwa dokta na watu ambao hakuna aliyewahi kuwaeleza kwamba mimi si daktari. Uchungu wa msomaji huyo nauelewa, ila lawama yake ameielekeza pasipostahili.

Zahanati haikupangiwa daktari. Kwa utaratibu wa nchi yetu ya Tanzania, ngazi hiyo huongozwa na tabibu au tabibu msaidizi, akishirikiana na wauguzi wakunga na, idadi ya watumishi waliopangwa inaporuhusu, mtaalamu wa maabara. Tabibu husoma chuoni miaka mitatu hadi kupata stashahada. Daktari husoma chuo kikuu miaka mitano, kisha hufanya kazi mwaka mmoja chini ya uangalizi kabla ya kupata usajili kamili. Na daktari bingwa huongeza tena miaka mitatu au zaidi katika fani moja, iwe ya watoto, upasuaji au magonjwa ya wanawake. Mgawanyo huo umezingatia kwamba wengi wanaobisha hodi zahanati wana maradhi machache yanayojirudia, na tabibu amefundishwa hayo hasa.

Chukua mtoto mwenye kikohozi, ambaye huku kwetu kwenye baridi ndiye mgonjwa niliyempokea karibu kila asubuhi ya Juni na Julai. Tabibu humfunua mtoto kifua akiwa ametulia mikononi mwa mama yake, akashika saa na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi asiyefikisha miezi 12, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni dalili ya nimonia. Kwa wa mwaka mmoja hadi asiyefikisha mitano, ni pumzi 40 au zaidi. Na dawa ya kuanzia ni amoksilini, ile ya vidonge vinavyoyeyushwa katika maji. Lakini mtoto akiwa hawezi kunyonya wala kunywa, akitapika kila anachopewa, akipata degedege au akilegea asizinduke, tabibu humpa dozi ya kwanza ya sindano na kumwandikia rufaa hapo hapo. Hakuna hata hatua moja kati ya hizo inayomsubiri daktari bingwa. Kinachohitajika ni saa yenye mshale wa sekunde, dawa kabatini na mtu asiye na papara. (Dawa, nakiri, ndipo mara nyingi tulipokwama, lakini hayo yanastahili barua yake.)

Nilipokuwa kazini, mama mmoja wa kitongoji cha jirani alipita mbele ya zahanati yetu, akapita na kituo cha afya cha kata, akapanda basi hadi Mbeya, mwendo wa kilomita 70 hivi kutoka Tukuyu, akiwa na mtoto wa miaka miwili anayekohoa. Alilala kwa ndugu wa mumewe, akapanga foleni siku ya pili, akarudi na amoksilini ile ile iliyokuwa kabatini kwangu wiki hiyo. Kwa sera ya nchi, mtoto wa chini ya miaka mitano hatozwi katika vituo vya umma, kwa hiyo kwetu angegharimia mwendo wa miguu tu. Nilipomuuliza kwa nini alifanya hivyo, alinijibu kwa heshima zote: "Baba, nilisikia hapa kuna manesi watupu." Mama huyo hakuwa mkaidi, bali alifanya uamuzi wa busara kwa habari alizokuwa nazo, na habari hizo zilikuwa mbovu kwa sababu sisi wenyewe hatukumpa nyingine.

Lugha nayo imechangia mkanganyiko. Mtu wa mitishamba ni mganga, na Mganga Mkuu wa Serikali naye ni mganga. Mwenye sare nyeupe ni nesi tu hata akiwa ofisa muuguzi mwenye shahada. Na dokta ni yeyote mwenye koti, pamoja na kijana wa duka la dawa. Huyo wa mwisho ananitia wasiwasi zaidi. Maduka ya dawa muhimu, ambayo mpango wake ulianzia kwa jirani zetu wa Ruvuma mwaka 2003, yalibuniwa ili mwanakijiji apate dawa zilizoidhinishwa kutoka kwa muuzaji aliyepitia mafunzo mafupi, badala ya zile za kubahatisha. Hayakubuniwa yawe mahali pa kupimwa, kulazwa kwenye benchi na kutundikiwa dripu, mambo ambayo nimeyaona kwa macho yangu.

Juu ya zahanati kipo kituo cha afya, ambacho kina vitanda vya kulaza wagonjwa, na vingi siku hizi vina chumba cha upasuaji kwa ajili ya wazazi. Hapo ndipo unapotarajia kumkuta daktari, au daktari msaidizi, kada ambayo nchi yetu ilianza kuifundisha mwaka 1963 kwa kuwachukua matabibu wazoefu na kuwaongezea masomo. Kina mama wengi wa wilaya zetu walizalishwa kwa upasuaji na watu hao wakati ambapo daktari wa shahada alikuwa haonekani hata mjini, na nasikitika kwamba kada hiyo inazidi kuadimika. Kisha huja hospitali ya halmashauri, na kwa upande wetu wa nyanda za juu kusini hospitali za mashirika ya dini, kama Ikonda kule Makete, Ilembula, Chimala na Tosamaganga, zimebeba mzigo mkubwa kwa miaka mingi, nyingine zikiwa hospitali teule zinazofanya kazi ya hospitali ya wilaya.

Mkanganyiko mkubwa zaidi uko jijini Mbeya. Kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, na kuna hospitali ya rufaa ya kanda ambayo hupokea wagonjwa wa mikoa kadhaa, kuanzia Iringa hadi Katavi. Mgonjwa aliyeandikiwa rufaa ya mkoa humwambia dereva wa bajaji "nipeleke Rufaa", akashushwa kwenye lango la kanda. Mjamzito aliyeandikiwa kanda naye hufika hapo na kuambiwa kwamba kitengo cha wazazi kiko Meta, sehemu nyingine ya jiji. Mtu mwenye uchungu wa uzazi hapaswi kujifunza mpangilio wa huduma za afya akiwa ndani ya bajaji.

Hapa naomba niseme jambo ambalo lilinikera kuliko yote. Rufaa katika nchi yetu hupanda, lakini ni nadra kushuka. Fomu inayopaswa kurudi na mgonjwa ikieleza alichokutwa nacho, alichofanyiwa na dawa anazoendelea nazo, nilizipokea chache mno. Zote nilizowahi kupata kutoka hospitali za juu, ambazo sitazitaja, zingeenea katika bahasha moja. Mgonjwa wa shinikizo la damu alirudi kijijini na vidonge ndani ya karatasi isiyo na maandishi, akaniuliza aendelee navyo au aache, na mimi sikuwa na la kumjibu ila kumrudisha alikotoka. Kila mara nilipofanya hivyo nilithibitisha mbele ya kijiji kizima kwamba zahanati haijui kitu, na mgonjwa aliyefuata hakujisumbua kuingia kwangu. Watu wanaosema wananchi wanaruka ngazi waanze kwa kuziuliza hospitali kubwa majibu ya rufaa yako wapi.

Hilo la majibu linahitaji nguvu ya halmashauri na Wizara ya Afya, kwa sababu zahanati, kituo cha afya na hospitali ya halmashauri viko chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na hospitali za rufaa ziko chini ya wizara, na fomu hupotelea katika mpaka huo. Lakini lipo linaloweza kufanywa na kamati ya usimamizi ya kila zahanati, ambayo wananchi wana wawakilishi wao ndani yake, bila kusubiri waraka kutoka Dodoma. Kamati isimamishe ubao langoni, wenye herufi zinazosomeka, ueleze kwamba anayeongoza hapa ni tabibu na amesomea nini. Kwamba wapo wauguzi wangapi. Magonjwa gani yanatibiwa hapa na yapi hupewa rufaa. Rufaa hiyo inaelekezwa hospitali gani kwa jina lake kamili, si "Rufaa" tu. Na namba 115, ambayo hupigwa bila malipo mjamzito, mzazi au mtoto mchanga anapopata dharura na kuhitaji usafiri. Watumishi nao wavae vitambulisho vinavyotaja kada zao, ili bibi anayechomwa sindano ajue anachomwa na nani.

Gharama yake ni kipande cha bati, kopo mbili za rangi na nusu siku ya fundi. Msomaji niliyemjibu anaweza kulipeleka suala hilo kwenye mkutano ujao wa kijiji, na kama atahitaji mtu wa kumsaidia kuandika maneno ya ubao, niko tayari kupanda basi hadi kwao. Zahanati niliyostaafia haina ubao huo mpaka leo, na kosa ni langu: nilikaa pale miaka tisa nikifurahia kuitwa dokta.

Tabibu mstaafu,
Tukuyu, Mbeya.