Kwa Vijana Wetu wa Fizikia ya Mango: Anzeni na Kutu

Wanangu mnaosoma fizikia Nairobi, Eldoret, Dar es Salaam, Kampala na Kigali,

Marahaba kwa salamu zenu. Kila mnaponiandikia swali ni lilelile: nibaki kwenye vifaa ambavyo elektroni zake hutegemeana, au nihamie kwenye kompyuta za kwantamu, zinazokokotoa kwa sheria za chembe ndogo sana, ambako ndiko wafadhili waliko? Leo nawajibu wote kwa mpigo. Msihame. Ila msibaki mlivyo.

Vifaa hivyo vimewaaibisha wanahesabu tangu zamani. Mwaka 1937 de Boer na Verwey walionyesha kwamba oksidi ya nikeli, ambayo kwa hesabu ya elektroni mojamoja ilitakiwa kupitisha umeme, ni kihami, yaani haipitishi umeme. Elektroni zake zinasukumana kama abiria waliosimama kwenye daladala ya asubuhi: mmoja hageuki mpaka wanne wampishe. Hayo mmefundishwa, mkaongeza ile U, namba inayowakilisha msukumano huo, kwenye programu zenu, mkaendelea na safari. Wengi wenu mnatumia Quantum ESPRESSO, programu ya bure ya kukokotoa vifaa, na waliowatangulia waliifanyia mazoezi kwenye shule ya Afrika ya ukokotoaji iliyokuja Eldoret mwaka 2012.

Sasa tazameni kwa jirani, kwenye kompyuta za kwantamu. Mwaka 1999 Nakamura na wenzake wa kampuni ya NEC, Japani, walipoonyesha kyubiti (kipande cha msingi cha taarifa katika kompyuta ya kwantamu) ya saketi isiyo na ukinzani, hali yake ilidumu nanosekunde chache tu. Mwaka 2021 kundi la Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, liliripoti zaidi ya milisekunde 0.3, na mwaka 2025 likavuka milisekunde 1. Michoro ya saketi ilichangia sana njiani, lakini hatua ya 2021 ilitokana na kubadili metali: ilitoka niobiamu, ikaingia tantalamu. Miongoni mwa walioandika makala ya hatua hiyo yumo Robert Cava, mkemia anayejulikana kwa kukuza fuwele za vifaa vya ajabu, vya jamii hii hii mnayoikokotoa. Hakuhama fani yake.

Kwa nini tantalamu? Nendeni kwenye kutu. Metali ya kyubiti ikikutana na hewa huota tabaka la oksidi lenye unene wa nanomita chache. Niobiamu huota mchanganyiko: Nb2O5 juu, halafu NbO2 na NbO, oksidi zenye oksijeni kidogo zaidi, kuelekea kwenye metali yenyewe, na pale oksijeni inapopungua hubaki elektroni za d (za obiti ya d ya atomu) zilizokwama mahali pamoja, zenye usumaku. Tantalamu huota karibu oksidi moja tu, Ta2O5, tena huvumilia kuoshwa kwa asidi kali. Nishati ya kyubiti huvujia kwenye tabaka hilo. Elektroni za d zilizokwama, jamani! Mhandisi wa saketi hakufundishwa hizo. Ninyi mmefanyia mtihani.

Na wao wana cha kuwapa. Mapema 2025 watafiti wa MIT na Harvard walichukua grafini, yaani kaboni yenye unene wa atomu moja, ya karatasi mbili zilizowekwa moja juu ya nyingine kwa kupishana digrii kama 1.1, wakaiunganisha na kitetemeshi cha maikrowevu, saketi inayotetema kwa masafa maalumu, chombo cha kila siku cha watu wa kyubiti, wakapima uthabiti wa mkondo wa jozi za elektroni, zinazobeba umeme bila ukinzani. Ukatoka takriban mara kumi ya ule uliotabiriwa na nadharia ya kawaida. Sampuli nyembamba vile ingewashinda wenye vipimo vya zamani.

Niseme na la koltani, maana naliona kwenye kila ombi la ufadhili. Ni kweli tantalamu hutokana na madini ya koltani, na Rubaya kule Masisi, Kivu, mashariki mwa Kongo, huchimbwa nyingi kwa mateso tunayoyajua. Lakini utando wa tantalamu kwenye kyubiti zile ulikuwa na unene wa nanomita 200 hivi. Sehemu kubwa ya tantalamu ya dunia inaliwa na kapasita, vihifadhi vya chaji, za simu na kompyuta za kawaida. Msimwahidi mchimbaji wa Kivu utajiri wa kyubiti.

Wala msikimbilie vichwa vya habari. Makala ya 2018 ya Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, kuhusu chembe za Majorana, zinazodhaniwa kuwa zenyewe ndiyo kinyume chake, iliyobeba matumaini ya kyubiti zisizovurugika, iliondolewa kwenye jarida la Nature mwaka 2021.

Friji ya milikelvini, ya baridi inayokaribia sufuri kamili, ni ghali, msiisubiri. Kokotoeni pengo moja la oksijeni, yaani mahali atomu moja imekosekana, ndani ya Nb2O5, kwanza bila U, kisha pamoja na U, mwone usumaku unabaki kwenye atomu ipi na unategemea U kiasi gani. Halafu mwandikieni mwenye vitetemeshi, mwulizeni upotevu wake unabadilikaje joto likipanda na uga wa sumaku ukiongezwa. Asipojibu, mwandikieni tena baada ya wiki mbili. Watu hao wana barua nyingi.

Ni mimi mzee wenu,
Mwalimu mstaafu wa fizikia