Wauzaji wa vifurushi vya mapishi watutengee chumvi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wafanyabiashara ambao siku hizi hutuletea mlangoni vifurushi vya mapishi, yaani sanduku lenye nyama, mboga na viungo vilivyokwisha kupimwa, pamoja na kadi ya maelekezo, ili mwenye nyumba ajipikie mwenyewe. Mimi na mume wangu ni wastaafu na makao yetu ni Kiamunyi, hapa Nakuru. Tumekuwa tukiagiza vifurushi hivyo tangu binti yetu alipotulipia vile vya kwanza. Biashara hii nimeipenda, na ndiyo sababu naandika. Kama nisingeipenda, ningenyamaza nikarudi zangu Soko la Wakulima.

Wazo lenyewe lilishika kasi ng'ambo. Kule Uswidi, Middagsfrid ilianza mwaka wa 2007, HelloFresh ikazaliwa Berlin mwaka wa 2011, na Blue Apron ikafuata New York mwaka wa 2012. Mteja aliyelengwa tangu mwanzo ni mfanyakazi anayerudi nyumbani jioni akiwa hoi, asiye na nafasi ya kupitia sokoni. Sisi wastaafu nafasi tunayo (mume wangu anayo hata ya kugawia majirani), kwa hivyo tangazo linaloahidi kutuokolea muda halituhusu sana. Wala kukatiwa mboga si jambo geni kwetu, kwa kuwa mama mboga wa hapa mtaani hukukatia sukuma wiki ukisimama, na siku ambayo huna pesa hukuandika kwenye daftari.

Tunachokosa sisi ni kipimo. Kwa miaka mingi nilikuwa nikipikia nyumba iliyojaa watoto na jamaa, na mpaka leo mkono wangu hauwezi kupima wali wa watu wawili. Kabichi moja hutukalia wiki nzima, na kila chungu huacha kiporo. Kwa watu wa umri wetu kiporo si jambo la kufanyia mzaha, hasa wali uliolala mezani usiku kucha, kwa maana kuna vijidudu vinavyoweza kuzaana humo na kuacha sumu ambayo hata ukiupasha moto mpaka utoe mvuke haiondoki. Kifurushi cha wawili kimetuondolea tatizo hilo: karoti mbili, kitunguu kimoja, nyama ya kutosha sahani mbili, basi. Chakula kinaisha siku hiyo hiyo, na sufuria inaoshwa.

Faida nyingine sikuitarajia. Mume wangu, ambaye tangu tuoane aliingia jikoni kuulizia chai tu, sasa ndiye anayeshika kadi. Akiambiwa akaange kitunguu kwa dakika tatu, huvua saa mkononi na kuiweka kando ya jiko, na hakubali kukoroga kabla dakika hazijatimia hata nikimwambia kitunguu kinaungua. Mchuzi wake unalika.

Malalamiko yangu ni kuhusu chumvi. Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote ya kazi, na mume wangu anatumia dawa za presha, kwa hivyo jambo la kwanza ninalolitafuta katika sanduku ni kile kipakiti cha viungo. Maandishi yake ni madogo kiasi kwamba mzee alikipeleka dirishani, akavua miwani, akaivaa tena, kisha akanikabidhi. Nilipofaulu kukisoma, nilikuta hawakuandika chumvi bali sodiamu, tena kwa kila gramu 100 za unga huo, kipimo ambacho hakuna anayekitia katika mchuzi wa watu wawili. Msomaji wa kawaida hawezi kujua kwamba gramu 1 ya sodiamu ni sawa na takriban gramu 2.5 za chumvi, hivi kwamba anayeona gramu 1.6 na kujipongeza huwa amekula chumvi ya gramu 4. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, na hapo hatujahesabu mkate wa asubuhi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba chumvi hiyo imechanganywa na bizari, dania kavu na tangawizi, kwa hivyo huwezi kuipunguza bila kupunguza ladha yote. Ukitia nusu ya pakiti unapata mchuzi wa maji; ukiitia yote unapata mchuzi wa baharini. Nilipopiga simu kwa kampuni tunayoagizia, binti aliyepokea alinijibu kwa heshima kwamba hivyo ndivyo wateja wanavyopenda. Sina shaka wapo wanaopenda. Hata hivyo, viungo vikavu havihitaji chumvi ili visiharibike, na nyama inayofika ikiwa imezungukwa na barafu saa chache baada ya kufungwa haihitaji kulowekwa katika chumvi ili ifike salama. Kuitenga chumvi katika karatasi yake ndogo, na kuandika kwenye kadi kwa herufi kubwa ni gramu ngapi zinaingia katika kila sahani, hakuwezi kuongeza gharama ya kumfilisi mtu.

Wangeweza pia kutupunguzia tambi na mchuzi wake wa kopo, watuletee managu, kunde na saga ambazo wakulima wa hapa wanazo tele. Managu yakipikwa kwa maziwa uchungu wake hupungua, na hayadai pakiti yoyote ya viungo. Tena mwendesha bodaboda anayeleta sanduku jipya angechukua zile pakiti za barafu za safari iliyopita, kwa sababu kabati letu la barafu limekaribia kujaa, na kuzitupa ni hasara kwao na kwetu.

Bei sitaigusa leo. Ni ghali kuliko soko, lakini chakula tulichokuwa tukitupa nacho kilinunuliwa. Sisi tutaendelea kuagiza, na siku nitakapofungua sanduku nikute chumvi imewekwa kando, nitawapa nambari ya kampuni hiyo wenzangu wa kikundi cha wastaafu kanisani, ambao wengi wao wanameza dawa zile zile anazomeza mume wangu.

Muuguzi mstaafu,
Kiamunyi, Nakuru