Mwanangu, anza na Cachao

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako hajambo, na wadogo zako wote wazima. Uliniuliza kwenye simu umfuate nani ili besi yako iache kusikika kama ya bendi moja tu. Nimeona jibu halitoshi kwenye simu, ndiyo maana naandika.

Mfuate Cachao. Jina lake ni Israel López, mzaliwa wa Havana, Kuba, 14 Septemba 1918, akafariki Florida, Marekani, Machi 2008. Alitoka katika ukoo wa wapiga besi. Kaka yake Orestes alipiga piano, chelo na besi. Dada yao Coralia alikuwa mtunzi na kiongozi wa bendi. Orlando, mtoto wa Orestes, anayeitwa Cachaíto, ndiye mwenye besi katika rekodi za Buena Vista Social Club, lile kundi la wanamuziki wa Kuba. Cachao mwenyewe alianzia kwenye bongo, zile ngoma mbili ndogo za mkono, akasindikiza filamu zisizo na sauti sinemani, na akiwa bado mtoto akaingia Orkestra ya Filharmonia ya Havana. Inasimuliwa kuwa alisimama juu ya kreti ili aifikie shingo ya besi. Alidumu huko miaka kama 30, na kwa sehemu kubwa ya muda huo usiku alikuwa kwenye kumbi za dansi.

Usiipite haraka hiyo habari ya orkestra. Besi yake ilikuwa ile kubwa ya kusimama, kama unayoiona kwenye taarabu ya Unguja. Shingo yake haina vyuma vya kukugawia sauti, kwa hiyo kidole kikikosea kwa upana wa nusu ukucha, sauti imepinda. Ukidonoa uzi, sauti inazimika mapema na kosa linajificha. Ukipiga kwa upinde, sauti inabaki hewani na kosa linabaki nayo. Kwa hiyo ukipata nafasi ya kushika besi kubwa hapo chuoni, dakika 20 za mwanzo ziwe za upinde: paka upinde rozini (utomvu mkavu wa kuufanya ushike uzi) kidogo, vuta sauti moja taratibu mpaka mwisho wa upinde, kisha rudi. Kwenye sauti za chini, karibu na kichwa cha besi, tumia kidole cha shahada, cha kati na kile kidogo, huku cha pete kikikisaidia kidogo kukandamiza. Anayelazimisha vidole vyote vinne kama kwenye gitaa hujikuta kiganja kinakaza na sauti zinapinda.

Mwaka 1937 yeye na Orestes walikuwa katika bendi ya Antonio Arcaño, iliyokuwa na filimbi, fidla, piano, besi, timbales (ngoma mbili za kupigwa kwa fimbo) na güiro (kibuyu cha kukwaruza). Tumba, ngoma ndefu ya mkono, iliongezwa baadaye. Walitunga danzón, muziki wa dansi wa Kuba, kwa mamia, na mwaka 1938 Orestes akatoa ile iliyoitwa Mambo. Walichokifanya ni kuifungua sehemu ya mwisho ya danzón: badala ya kufuata mistari ya muziki iliyopangwa, besi na piano zinashika mzunguko mfupi unaorudiwa, na wachezaji wanapata nafasi. Mzunguko huo wa besi ndio tumbao, na hapo ndipo wengi wanaotoka kwenye dansi letu hukwama.

Hesabu kipimo cha mapigo manne hivi: moja-na, mbili-na, tatu-na, nne-na. Tumbao la kawaida lina sauti mbili tu kwa kila kipimo. Ya kwanza iko kwenye ile "na" inayofuata mbili. Ya pili iko kwenye nne, nayo huachwa ipitilize pigo la kwanza la kipimo kinachofuata. Ile ya nne ndiyo yenye siri: si ya kodi uliyopo (kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa pamoja), ni mzizi, yaani sauti ya msingi, wa kodi inayokuja. Chukua kodi za C, F, G, F, kila moja kipimo kizima. Ukiwa kwenye C, "na" ya mbili unapiga G, kisha nne unapiga F. Kwenye F unapiga C, kisha G. Kwenye G unapiga D, kisha F. Kwenye F ya mwisho unapiga C, kisha C tena, umekwisha rudi mwanzo. Pigo la kwanza hulipigi kabisa isipokuwa unapoanza wimbo.

Kosa la kwanza ni kushuka kwenye moja. Sikulaumu, masikio yetu yamelelewa na rumba ya Kongo, na humo mara nyingi besi inatua hapo. Rumba hiyo yenyewe ilijengwa juu ya santuri za Kuba zilizofika Kongo tangu miaka ya 1930, na Morogoro nako Salum Abdallah aliita bendi yake Cuban Marimba. Undugu upo, ila mahali pa kutua pamehama. Kosa la pili ni kukimbia: moja ikiwa tupu, mtu huingiwa na wasiwasi na kuwahi "na" ya mbili. Dawa yake ni mguu. Kanyaga moja na tatu, taja moja kwa sauti, na usiongeze mwendo wa metronomu (kifaa cha kuhesabia mapigo) kupita 80 kwa dakika mpaka mguu na mdomo vikubaliane. Kosa la tatu ni kurefusha sauti ya "na" ya mbili. Ikate kabla ya nne, kwa sababu kwenye nne na "na" yake mpiga tumba anafungua ngozi, na besi inayovuma inamfunika.

Halafu kuna klave, mdundo wa vijiti viwili unaoongoza muziki wa Kuba. Ile ya 3-2 ina kipimo kimoja cha mapigo matatu (moja, "na" ya mbili, nne) na kingine cha mawili (mbili, tatu). Tazama: upande wa matatu, sauti zako zote mbili zinaangukia pamoja na klave. Upande wa mawili haiangukii pamoja nayo hata moja. Anayejua anapendelea kuweka mapambo yake upande ule wa matatu na kuacha mwingine upumue. Wimbo ukianzia 2-3, tumbao halibadiliki, kinachobadilika ni mahali unapopamba. Ukipamba kinyume, bendi nzima itahisi kitu kimeteleza hata kama hakuna anayeweza kutaja ni nini.

Kwa bolero, wimbo wa mapenzi wa polepole, sahau hayo yote. Hapo moja inapigwa na kuachwa mapigo mawili, kisha tatu, kisha nne, bila haraka.

Mwaka 1957 Cachao aliwakusanya wanamuziki studio ya Panart, Havana, baada ya kazi zao za usiku, wakarekodi descarga, yaani kupiga bila kuandikiwa. Tata Güines alikuwa kwenye tumba, Guillermo Barreto kwenye timbales. Vipande ni vya dakika tatu hivi, vingine pungufu. Sikiliza kila kimoja mara tatu: mara ya kwanza besi peke yake, ya pili besi na tumba, ya tatu mpiga solo. Utaona mwenye bendi anabaki kwenye sauti zake mbili huku wengine wakiruka. Zamu yake ikifika, anaugonga mwili wa besi kwa kiganja na kuzipiga nyuzi kwa upinde kama ngoma. Kwangu mimi hiyo ndiyo rekodi bora ya besi ya Kilatini, na sijaona sababu ya kubadili mawazo.

Aliondoka Kuba mwaka 1962, akapitia Hispania, kisha New York, akapiga na viongozi wa bendi Tito Rodríguez, Machito na wengine. Baadaye alikuwa Las Vegas, kisha Miami, ambako alipiga harusini na kwenye ubatizo huku wengi wakiwa hawamjui. Mwaka 1993 mwigizaji Andy García alitoa filamu juu yake, na rekodi ya Master Sessions ikampatia tuzo ya Grammy akiwa na zaidi ya miaka 70. Miaka ile ya harusi aliimudu kwa sababu alisoma nota na alijua bolero, danzón, son na chacha. Akiitwa saa ile ile, angeweza kukaa na bendi yoyote.

Kwa gitaa lako la besi, uzi wake ni kama sm 86 na ule wa besi kubwa ni kama sm 105, hivyo sauti yako inang'ara mno kwa kazi hii. Weka kipande cha sponji chini ya nyuzi karibu na daraja, punguza kitasa cha toni karibu chote, tumia nyuzi zenye waya bapa ukizipata, donoa kwa dole gumba. Sponji ikiwa nene sana, sauti inakufa na mwinuko wake unapotea, ipunguze mpaka sauti idumu pigo moja na nusu hivi.

Kodi zile nne ukiziweza dakika tano bila kukimbia, mtafute mpiga tumba mkae naye, mjirekodi kwa simu, kisha unitumie.

Ni mimi,
Baba yako