Mishahara ya mabinti wetu Saudia, serikali iseme kitu

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kidogo, hili jambo limenikaa rohoni. Kila mwaka tunaambiwa kwenye taarifa za habari kwamba Wakenya walio majuu wametuma pesa kuliko mwaka uliopita, 2024 zilifika karibu dola bilioni 4.9, zinapita chai, zinapita maua, zinapita hata watalii. Sawa. Lakini hizo pesa mimi nimeziona zikiingia kwenye simu ya mamangu hapa Kilifi na nimeona pia vile zinaisha.

Dadangu alienda Riyadh 2019 kuwa kadama, yaani mfanyakazi wa nyumbani, miaka miwili, riyali 900 kwa mwezi. Nyumba hiyo hiyo kulikuwa na Mfilipino, wanalala chumba kimoja, wanafua pamoja wanapika pamoja, na mwenzake analipwa 1,500. Dadangu akafikiri labda ni kwa vile yule amekaa sana, kumbe wapi. Serikali ya Ufilipino iliamua tangu 2006 kwamba mfanyakazi wa nyumbani haendi nje kwa chini ya dola 400, na mkataba upitie kwanza kwa maafisa wao wa kazi walioko kule kule. Dola 400 ndio hizo riyali 1,500.

Piga hesabu basi. Tofauti ni riyali 600 kila mwezi, kwa miaka miwili ni 14,400, kwa reti ya wakati ule kama laki nne hivi za Kenya. Hicho ni kiploti, ama vyerehani viwili na kodi ya duka mwaka mzima na bado chenji inabaki. Zile 900 zilienda kwa karo ya wadogo zetu, dawa za mama na deni tulilokopa la pasipoti na medikali, kwisha. Alirudi na mabegi mawili, baada ya miezi saba akaenda tena. Kwa hivyo nikisikia mtu anasema pesa za majuu hazijengi uchumi eti familia zinazila tu, mimi naumia, manake anayetuma senti yake yote kwa vile ni kidogo atajenga na nini?

Na sisi dawa yetu siku zote ni kufunga safari za wasichana kwenda Uarabuni. 2012 serikali ikapiga marufuku, 2014 tena mpaka 2017, na kila mtu wa Pwani anajua wasichana hawakuacha kwenda, walizungukia Uganda na Tanzania, hawajaandikwa popote, akipatwa na shida ubalozi haumjui hata jina. Wafilipino nao walifunga Kuwait 2018, baada ya mfanyakazi wao kukutwa amekufa ndani ya friza, lakini wao walifunga wakiwa na madai mkononi na mwezi wa tano mwaka huo huo makubaliano yakasainiwa, mwajiri asishike pasipoti, simu asimnyang'anye, ndio wakafungua.

Naelewa serikali yetu inaogopa. Vijana wamejaa, kazi hakuna, hapa kwetu tangu kiwanda cha korosho kife miaka ya tisini hakijaja kitu cha kuziba lile pengo, na ukimwambia Msaudi aongeze mshahara atasema basi nachukua Waganda. Si tuongee na hao Waganda na Waethiopia basi, wote watoto wetu wako jikoni kule kule! Saudia ilipolegeza mambo ya kafili 2021, yaani mwajiri anayemdhamini mfanyakazi na kumshikilia, wafanyakazi wengi wakaruhusiwa kuhama mwajiri bila kuomba ruhusa yake, wa majumbani wakaachwa nje, na sikumsikia kiongozi wetu hata mmoja akiuliza kwa nini.

Binti wa jirani yangu ana miaka 23, medikali ameshapita, anaondoka mwezi ujao. Juzi alileta mkataba nimsomee. Riyali 1,000.

Msomaji wenu, Kilifi